Gari limekufa, mkopo uko hai

Mkadiriaji wa bima aliyekuja kulikagua gari langu baada ya ajali hakupoteza muda upande wa mbele. Mimi ndiko nilikokuwa nimesimama nikimsubiri, pale kwenye boneti iliyopanda juu na taa zilizotoka, eabegi mbili zimenywea juu ya viti. Kwa macho yangu msiba wote ulikuwa huko. Yeye alizunguka nyuma, akafungua buti kwa nguvu, akatoa tairi la akiba, akavuta kapeti mpaka bati la sakafu likabaki wazi. Akawasha tochi ya simu. Akapitisha kidole gumba taratibu juu ya bati, kutoka kushoto kwenda kulia, na kila penye kunjo kidole kilisimama.

Sakafu ilikuwa imekunjamana kama shati lililolaliwa, na juu ya kila kunjo rangi ilikuwa imepasuka magamba madogo madogo.

"Huko mbele ni vipuri," aliniambia bila kugeuka. "Vipuri vinanunuliwa. Hapa ndipo gari lako lilipoishia."

Akapiga picha namba ya chasisi, akaandika mistari miwili mitatu, kisha akanishauri nitoe vitu vyangu vyote siku hiyohiyo, hata karatasi za kwenye droo ya dashibodi.

Nilichosikia moyoni wakati ule ni nafuu. Lori lilinigonga kwa nyuma likanisukumia kwenye gari la mbele, polisi wameandika hivyo, bima yangu ni bima kubwa, na mimi mwenyewe nimetoka na maumivu ya shingo tu. Gari limekufa, haya. Bima italipa, mkopo utafungwa, nitaanza upya.

Halafu nikampigia shemeji.

Shemeji yangu amekaa kwenye dawati la madai ya bima miaka mingi, na utani wetu kwa kawaida hauna breki. Siku hiyo hakutania. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Pole sana shemeji. Lakini bima uliyokata ilikuwa ya gari. Nani alikwambia ilikuwa ya deni?"

Swali hilo nimelala nalo na kuamka nalo kwa wiki kadhaa. Ndilo lililonifanya niandike.

## Kufa kwa hesabu

Fundi yeyote mwenye karakana nzuri angekwambia gari lile linatengenezeka. Na kweli linatengenezeka. Bati linanyooshwa, chasisi inavutwa kwenye mashine, eabegi mpya zinafungwa. Ila kwenye bima, gari halifi kwa sababu fundi ameshindwa. Linakufa pale gharama ya kulifufua inapokaribia au kuipita thamani yake lenyewe.

Wazo hili lina umri mkubwa, na lilitoka baharini. Sheria ya Bima ya Bahari ya Uingereza ya mwaka 1906 ilishaeleza kwamba meli inaweza kuhesabiwa imepotea yote hata kama bado inaelea, endapo gharama ya kuitengeneza itazidi thamani yake ikishatengenezwa. Magari yalirithi fikra hiyohiyo, na kila nchi au kampuni ikajiwekea mstari wake. Marekani peke yake mistari haifanani: New York gari huhesabiwa hasara kamili matengenezo yakifika 75% ya thamani, Texas ni mpaka yafike 100%. Kwingine wanajumlisha gharama ya matengenezo na bei ya kuuza mabaki, na jumla hiyo ikizidi thamani ya gari, basi.

Hapo kwenye mabaki pana jambo ambalo mwenye gari haambiwi. Mabaki yakiwa na soko zuri, kampuni ya bima inavutiwa zaidi kulitangaza gari limekufa, maana italipa fidia kwa mkono mmoja na kuuza mabaki kwa mkono wa pili. Sisemi ni hila. Ni hesabu, na yeyote aliye kwenye kiti kile angeipiga.

Niliwahi kufikiri kupinga: litengenezeni tu gari langu. Shemeji alinikatisha. Gari lililovutwa chasisi, alisema, halirudi thamani yake hata likipakwa rangi ya dhahabu, na deni la benki litakuwa lilelile. Nikaacha.

## Hundi isiyo na jina langu

Kila aliyenunua gari kwa mkopo anajua kwamba benki inadai bima kubwa. Wengi tunaiona kama masharti ya kutukinga sisi. Kwenye mkataba wangu wa bima, chini ya jina langu, kulikuwa na mstari unaotaja benki kama mwenye masilahi wa kwanza. Maana yake ni nyepesi: hasara kamili ikitokea, pesa inaanzia kwa benki. Ikibaki, ndiyo inakuja kwangu. Isipobaki, nimekwisha kujibiwa.

Ada nililipa mimi. Fidia inakwenda kwa mwingine.

Nililikasirikia jambo hili kwa muda, kisha hasira ikaniishia nilipojiuliza ningefanyaje kama ningekuwa benki. Gari ndilo dhamana. Dhamana imegeuka chuma chakavu. Yeyote aliyemkopesha mtu angetaka pesa inayochukua nafasi ya dhamana impitie yeye kwanza. Kwa hiyo sina ugomvi na mstari ule. Kilichonisumbua ni kitu kingine: benki na bima walikaa meza moja siku ile nasaini, karatasi zikapangwa juu ya karatasi, na mtu akitazama rundo lile anadhani zinaongea. Haziongei. Mkataba wa mkopo haujui gari lina thamani gani leo. Mkataba wa bima haujui nadaiwa kiasi gani. Anayejua yote mawili ni mimi peke yangu, na mimi ndiye nisiyekuwa na hundi.

## Mwaka wa kwanza ndio mbaya

Twende kwenye namba, maana bila namba hili jambo linabaki malalamiko. Nitatumia 100 badala ya bei halisi ili kila mtu aweke yake.

Tuseme gari limenunuliwa kwa 100, zote za mkopo, miaka mitano, riba ya 18% kwa mwaka inayokokotolewa kwenye deni linalopungua. Marejesho ya kila mwezi yanakuwa kama 2.54. Baada ya miezi 12 mkopaji ameshatoa zaidi ya 30. Deni limeshuka kiasi gani? Kutoka 100 hadi takriban 86.4. Yaani katika 30 alizotoa, karibu 17 zilikuwa riba, na 13 na ushee ndizo zilizopunguza deni lenyewe.

Wakati huohuo gari nalo linashuka, na mwaka wa kwanza linashuka kwa kasi kuliko miaka inayofuata. Tuseme mthamini anasema siku ya ajali lilikuwa na thamani ya 78. Toa ile sehemu ya hasara ambayo mwenye bima huibeba mwenyewe, eksesi, tuseme 5% ya madai. Inabaki 74.1.

Bima inailipa benki 74.1. Benki inadai 86.4. Gari halipo, na kuna 12.3 ya kulipa.

Sasa rudisha saa nyuma, mtu huyohuyo awe ametanguliza 20 na kukopa 80. Baada ya mwaka deni lake ni kama 69. Fidia ni ileile 74.1. Huyu anaondoka na karibu 5 mkononi. Ajali moja, gari moja, bima moja. Mmoja anapokea na mwingine anadaiwa, na tofauti yao yote ilipangwa siku ya kwanza kabla injini haijawashwa.

Hesabu hii niliifanya mara nyingi usiku nikibadilisha riba na miaka. Mkopo ukirefushwa, pengo linadumu zaidi. Riba ikipanda, hivyohivyo. Na kuna kundi linaloumia kuliko wote: wale waliohamishia deni la gari la zamani kwenye mkopo wa gari jipya. Hao wanaanza safari deni likiwa limeshalipita gari.

## Kulipia kisichokuwepo

Ujumbe wa kukumbushwa marejesho uliingia kwenye simu kama kawaida yake. Mfumo hauna taarifa za msiba.

Hapa ndipo nilipoyumba kwa muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote. Kila mtu niliyemuuliza alikuwa na jibu, na majibu hayakufanana. Rafiki mmoja alisema nisitoe hata senti, kwa nini nilipie gari lililo yadi wakati bima italipa? Ilisikika kama haki. Nilitamani iwe kweli.

Lakini mkataba wa mkopo hausemi "lipa ilimradi gari linatembea." Deni ni deni. Madai ya bima yanaweza kuchukua wiki au miezi, na kwa muda huo wote riba inaendelea kuhesabiwa kila siku. Ukikosa marejesho, inaongezeka faini, na jina linakwenda kwenye kumbukumbu za wakopaji, ambako litakusubiri siku utakapotaka kukopa tena. Mbaya zaidi, fidia ya bima imeshafungwa kwenye thamani ya siku ya ajali. Haiongezeki kwa sababu deni limeongezeka. Kila siku ya kuchelewa inalipanua lile pengo, na pengo ni la mwenye gari.

Basi nikaendelea kulipa, huku nimekunja uso. Nikaandika barua benki kuomba nafuu ya muda: marejesho yasimame au yapungue mpaka madai yaishe, bila faini. Si kila benki inakubali, na hata ikikubali riba kwa kawaida haisimami. Lakini barua iliyopokelewa na kugongwa muhuri kabla hujachelewa ina uzito ambao maelezo ya baada ya kuchelewa hayana.

Jingine la kuliangalia ni gharama za yadi. Gari likivutwa na brekidauni na kulazwa mahali, mahali pale panatoza kwa siku. Kuna kikomo ambacho bima inakubali kulipia, na baada ya hapo anayebaki na bili ni mwenye gari. Niliomba kwa maandishi kampuni ya bima ihamishie mabaki kwenye yadi yake. Walifanya hivyo bila ubishi wowote, tena haraka. Nimejiuliza kama wangefanya bila kuombwa.

## "Thamani" ya siku gani?

Barua ya fidia ilipokuja, kiasi kilichoandikwa kilikuwa chini sana ya kile kilichoandikwa kwenye bima yangu. Nilimpigia shemeji nimewaka. Ada nimekokotolewa kwenye thamani kubwa, wakati wa kulipa wanatumia ndogo. Huu si wizi wa mchana?

Alinisimulia kesi ya Uingereza ya mwaka 1883, Castellain na Preston, ambayo watu wa bima wanasomeshwa mapema kabisa. Mtu alikuwa ameshaingia mkataba wa kuuza nyumba yake. Kabla mauzo hayajakamilika, nyumba ikashika moto. Bima ikamlipa hasara ya moto. Kisha mnunuzi naye akalipa bei yote ya nyumba kama walivyokubaliana. Muuzaji akawa amelipwa mara mbili kwa kitu kimoja. Mahakama ya Rufaa ikaamua kampuni ya bima irudishiwe pesa yake, kwa sababu fidia kazi yake ni kumrudisha mtu pale alipokuwa, asipungukiwe na asizidishiwe.

"Sasa wewe sekunde moja kabla ya lori," shemeji aliniuliza, "ulikuwa na nini?"

Nilikuwa na gari la mwaka mmoja lenye mikwaruzo miwili mlangoni. Sikuwa na gari jipya. Kile kiasi kilichoandikwa kwenye bima ni dari, kikomo cha juu. Chini ya dari hiyo wanalipa thamani ya soko ya wakati wa ajali. Zipo bima ambazo mkataba wake hufunga thamani iliyokubaliwa tangu mwanzo, na zipo zinazokupa gari jipya kama ajali imetokea mapema sana baada ya kununua, lakini hizo unaziomba na kuzilipia. Na usijaribu kuwa mjanja kwa kuandika thamani ndogo ili ada ishuke: mikataba mingi ina kifungu cha uwiano, kwamba ukikatia bima nusu ya thamani, nawe utalipwa nusu ya hasara.

Swali la shemeji liliniuma kwa sababu lilikuwa la haki. Pia ndilo lililogeuza mambo.

Mpaka siku ile barua zangu zote kwa kampuni ya bima zilikuwa zinazungumzia deni. Nadaiwa kiasi hiki, fidia yenu haitoshi, mnaniacha kwenye shimo. Walikuwa wakinijibu kwa adabu na bila kusogea hata nukta. Nilidhani wana roho ngumu. Kumbe nilikuwa nabisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu: deni langu halimo kwenye mkataba wao, hivyo hata karani mwenye huruma hana pa kuliweka. Mahali pekee kwenye mlolongo mzima ambapo mwenye gari ana sauti ni kwenye lile neno lao la thamani. Kama wanasema thamani ni ya sekunde moja kabla ya lori, basi na tuijadili sekunde hiyo.

## Kurasa mbili za mthamini

Niliomba ripoti ya uthamini. Iombeni, jamani. Watu wengi wanaletewa kiasi tu, wanakubali au wanalia, hawajui kwamba nyuma ya kiasi kuna karatasi.

Yangu ilikuwa kurasa mbili. Ukurasa wa pili ulikuwa na jedwali la magari matatu yaliyotumika kama mfano wa soko. Nililisoma safu kwa safu na kalamu mkononi. La kwanza lilikuwa sawa. La pili lilikuwa toleo la chini, lisilo na baadhi ya vifaa vilivyokuwamo kwenye langu, na hakuna popote walipoongeza tofauti hiyo. La tatu lilikuwa limetembea karibu mara mbili ya kilomita za gari langu. Chini kabisa, kwenye "hali ya gari kabla ya ajali," kulikuwa na neno moja: wastani. Hakuna maelezo mengine. Mtu aliyelikuta gari limeshakunjwa ameandika lilikuwa la wastani.

Sikugombana. Niliandika barua fupi isiyo na neno "deni" ndani yake. Nikaambatisha matangazo ya magari yanayofanana na langu kwa mwaka, toleo na kilomita, yakionyesha tarehe za karibu na ajali. Nikaweka kitabu cha huduma chenye mihuri, risiti ya matairi yaliyofungwa miezi michache nyuma, na picha za gari nilizokuwa nazo kwenye simu, nyingine zimepigwa kwa sababu zisizohusiana kabisa na gari. Picha moja ya sherehe ya familia ilikuwa ushahidi mzuri kuliko zote: mlango wazi, viti safi, kioo hakina ufa.

Bei ya tangazo siyo bei ya mauzo, hilo wanalijua na mimi nalijua, wanakata kidogo. Risiti za matengenezo ya kawaida nazo haziongezi thamani kwa jumla yake, zinaonyesha tu kwamba gari lilitunzwa. Sikudai vinginevyo. Unapodai kisichodaika unaharibu hata kile cha haki.

Walipandisha. Haikufika nilipotaka, lakini ilipanda kiasi cha kula zaidi ya nusu ya lile pengo. Wangekataa, ningeweza kumleta mthamini wangu wa kujitegemea; mikataba mingine ina utaratibu kwamba kila upande unachagua mthamini wake, na hao wawili wanamchagua wa tatu wa kuamua. Baada ya hapo kuna msuluhishi wa migogoro ya bima au mamlaka ya usimamizi. Sikufika huko, na sitajifanya ninayajua magumu yake.

## Funguo kwa nani?

Kuna wiki moja ambayo hakuna aliyekosea na hakuna kilichosogea.

Kampuni ya bima haitoi pesa mpaka ikabidhiwe hati ya umiliki wa gari, kwa sababu ikilipa hasara kamili mabaki yanakuwa mali yake. Hati iko benki. Benki haiachii hati mpaka mkopo ulipwe. Mkopo utalipwa na pesa ya bima. Nilikuwa natoka ofisi moja kwenda nyingine kubeba jibu ambalo kila mmoja wao angeweza kulituma kwa barua pepe.

Kilichofungua fundo ni barua ya ahadi: benki inaandika kwamba itaachia hati mara tu itakapopokea kiasi fulani, na bima inalipa kwa kuitegemea barua hiyo. Kuna sharti dogo hapa. Benki hutaja deni la kufunga mkopo mpaka tarehe fulani, na ikipita, riba ya siku za ziada inaongezwa. Bima ikichelewa siku chache, pesa iliyofika inakuwa pungufu na mkopo haufungi. Omba barua itaje na nyongeza ya kila siku, ili kila mtu ajue kiasi sahihi kwa siku yoyote.

Na kama fidia haitoshi kulimaliza deni, ahadi hiyo haiji yenyewe. Lazima kwanza ukubaliane na benki jinsi utakavyolipa kilichobaki, kwa sababu dhamana inaondoka mikononi mwao na deni bado lipo. Mimi tulikubaliana kigeuzwe mkopo mdogo usio na dhamana, marejesho madogo, muda mfupi. Riba yake ni kubwa kidogo. Nilikubali.

Kwenye hati ya kupokea fidia, ile inayosema umelipwa na huna dai jingine, nilisoma kila mstari. Nilihakikisha inahusu gari tu na haigusi matibabu ya shingo wala haki yangu ya kumdai mwenye lori.

## Bima ya pengo, na shaka yangu

Mtu akisoma hadi hapa atauliza: hakuna bima ya hilo pengo? Ipo. Inalipa tofauti kati ya fidia na deni, au kati ya fidia na bei uliyonunulia, kutegemea aina. Kwa mtu ambaye hakutanguliza kitu na mkopo wake ni mrefu, inaweza kumwokoa.

Lakini kabla hujaikimbilia, tazama yaliyotokea Uingereza. Februari 2024 mamlaka inayosimamia mienendo ya sekta ya fedha kule, FCA, ilitangaza kwamba kampuni zenye takriban 80% ya soko la bima hiyo zimekubali kusitisha kuiuza. Data za mamlaka zilionyesha kwamba katika ada zote wateja walizolipa, ni 6% tu iliyorudi kwao kama madai, na kampuni nyingine zilikuwa zikitoa hadi 70% ya ada kama kamisheni kwa waliokuwa wakiiuza. Baadaye baadhi waliruhusiwa kurudi sokoni baada ya kubadilisha bidhaa zao.

Kwa hiyo kitu chenyewe si kibaya, ila bei yake inaweza kuwa mbaya sana, hasa kikiuzwa mezani pale pale unaponunua gari na akili imeshahamia kwenye usukani. Bora kuulizia kwingine, na kuifuta siku deni likishashuka chini ya thamani ya gari, kwa kuwa baada ya hapo unalipia pengo lisilokuwepo.

Tena msiichanganye na bima ya mkopaji, ile inayokatwa pamoja na mkopo. Hiyo inalipa deni mkopaji akifariki au kupata ulemavu wa kudumu. Gari likifariki, haina habari. Kuna watu wawili ninaowafahamu waliokuwa na uhakika kwamba "mkopo wangu una bima" inamaanisha gari likifa deni linalipwa, na sikuwa na moyo wa kuwaambia kwenye simu.

Ila ina faida moja ambayo karibu iniponyoke. Ikiwa ada yake ililipwa yote mwanzoni kwa miaka mitano na mkopo umefungwa mapema, sehemu ya muda ambao haujatumika mara nyingi inaweza kudaiwa irudishwe. Benki haikunikumbusha. Nimewasilisha ombi pamoja na nakala ya barua ya kufunga mkopo.

Kilichobaki sasa ni eksesi. Hiyo naidai kwa bima ya mwenye lori, pamoja na nauli za muda wote niliokaa bila gari; tofauti ya deni hawatalipa, kwa sababu nao wanawajibika kwa thamani ya gari na siyo kwa masharti niliyokubaliana na benki yangu. Nimepeleka ripoti ya polisi, hati ya malipo ya fidia na risiti za usafiri. Wameomba pia nakala ya leseni yangu ya udereva, iliyo wazi na yenye pande zote mbili, maana ya kwanza ilitoka na kivuli.